Picha Moja kwa Macho Mengi: Tujue Kuchagua Vifaa vya Kuongoza Video za Dijiti

Hapo zamani mwenye televisheni nyumbani alikuwa na shida moja kubwa, nayo ni antena. Aliifunga juu ya mti mrefu, akamtuma mtoto kwenda kuizungusha, na waliobaki ndani wakapaza sauti dirishani: "Hapo hapo! Usiiguse tena!" Picha ikija na chenga, watu waliitazama hivyo hivyo, wakashukuru.

Siku hizi shida imehamia nyuma ya televisheni. Televisheni ni moja, lakini vyombo vinavyotaka kuleta picha ni vingi: kisimbuzi cha dishi, kisimbuzi cha antena, deki, kompyuta, na pengine kamera ya harusi. Au mambo huwa kinyume chake: chombo cha kuleta picha ni kimoja, lakini televisheni zinazoingoja picha hiyo ni tatu au nne, moja ukumbini, nyingine barazani, na nyingine katika chumba cha pili. Hapo ndipo mtu anapokwenda dukani kununua kisanduku kidogo cha kuunganisha, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha zao kwa kununua kitu kilicho kizuri lakini si kile walichokihitaji.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji ajue anachokwenda kununua kabla hajatoka nyumbani. Mfano wetu tutauchukua kwa jirani zetu wa Malawi, katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na katika mji mkuu wa Lilongwe, kwa sababu huko gharama ya kukosea ni kubwa kuliko mahali pengi.

DZALEKA NA LILONGWE

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda palikuwa na gereza, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 mahali hapo pakafanywa kambi ya wakimbizi. Kambi ilipangwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini leo inao zaidi ya 50,000. Walio wengi wametoka Kongo, na wengine wametoka Burundi, Rwanda na nchi za Pembe ya Afrika. Kwa hiyo Kiswahili husikika sokoni, makanisani na misikitini humo, pamoja na Kichewa cha wenyeji na lugha nyingine nyingi.

Watu hao, kama watu wengine popote, wanapenda kutazama mpira, sinema, harusi zao na mahubiri yao. Tena Dzaleka ndiko linakofanyika Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi na msanii kutoka Kongo ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume. Tamasha hilo huwakusanya maelfu ya watu, wenyeji na wageni, ndani ya kambi yenyewe. Mahali penye umati kama huo, suala la kuonyesha picha moja kwa macho mengi si anasa. Kwa vijana kadhaa ni kazi ya mikono iwezayo kuwapatia riziki.

Sasa tazama ugumu wake. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Vifaa vya elektroniki, hata hivyo, vinauzwa kwa wingi zaidi Lilongwe, katika maduka ya mji wa zamani, Area 2 na Area 3. Mtu wa Dzaleka anapoagiza kisanduku kutoka mjini, mara nyingi humtuma mwingine, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na hana hakika ya kurudi tena kubadilisha akiletewa kisichofaa. Fedha iliyopotea hapo inaweza kuwa ndiyo mtaji wote wa kibanda. Hivyo basi, elimu ya kuchagua ni bora kuliko uhodari wa kupatana bei.

NAMBA BADALA YA WIMBI

Kwanza inafaa tuelewe kwa nini vifaa hivi ni vigumu kuchagua kuliko vile vya zamani.

Waya wa zamani wenye kichwa cha manjano ulibeba picha kama wimbi la umeme. Swichi yake ilikuwa kipande cha chuma kinachogusa hapa au pale, kama swichi ya taa. Waya ukiwa mbaya, picha ilififia au ilitetemeka, lakini haikukosekana. Picha ya dijiti haibebwi kama wimbi bali kama namba. Picha kamili ya kiwango cha kawaida cha sasa ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huelezwa kwa biti 24, na picha nzima huandikwa upya hata mara 60 kwa sekunde moja. Ukizidisha utapata karibu biti bilioni 3 kila sekunde, na ukiongeza nafasi tupu za pembeni pamoja na namba za kulinda usafirishaji, waya wa HDMI hubeba jumla ya biti bilioni 4.455 kwa sekunde. Picha ya 4K ina nukta mara nne zaidi. Kwa mara 60 za sekunde huhitaji waya na visanduku vya kubeba biti bilioni 18.

Namba zinazokimbia kwa kasi hiyo hazivumilii njia mbovu. Zikikutana na kiungo kilicholegea au waya uliokunjwa, sehemu yake hurudi nyuma kama mwangwi unavyorudi kutoka mlimani, nao mwangwi huo huvuruga namba zinazofuata. Ndiyo maana swichi ya chuma ya zamani haifai tena.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba picha ya dijiti haizoroti polepole. Huwa nzuri, nzuri, nzuri, kisha hutoweka ghafla, kama mtu aliyekuwa akitembea juu ya genge akafika ukingoni. Kabla ya kutoweka huonyesha dalili moja: vinukta vinavyometameta vyeupe au vya rangi, hasa penye giza. Ukiviona, jua kwamba uko ukingoni. Usiseme, "Si neno, picha inaonekana." Kesho kukiwa na joto kidogo haitaonekana.

VITU VITATU VINAVYOCHANGANYWA

Dukani kuna visanduku vya aina tatu vinavyofanana kwa sura na mara nyingi hata kwa rangi. Kazi zake, hata hivyo, ni tofauti kabisa.

Cha kwanza ni swichi. Hiki kina matundu mengi ya kuingizia picha na tundu moja la kutolea. Kazi yake ni kuchagua. Ukitaka kuona kisimbuzi, wabonyeza namba 1. Ukitaka kuona kompyuta, wabonyeza namba 2. Kinamfaa mwenye televisheni moja na vyombo vingi.

Cha pili ni splita. Hiki kina tundu moja la kuingizia na mengi ya kutolea. Kazi yake ni kunakili picha moja na kuipeleka kila mahali kwa wakati mmoja. Kinamfaa mwenye kisimbuzi kimoja na televisheni nyingi.

Cha tatu ni matriksi. Hiki kina matundu mengi ya kuingizia na mengi ya kutolea, na kila televisheni yaweza kupewa picha yake bila kuisumbua nyingine. Msomaji aliyepata kusafiri kwa reli ya kati afikirie stesheni ya Tabora. Treni ya kutoka Dar es Salaam yaweza kuelekezwa Kigoma au Mwanza kwa kubadilisha njia tu. Matriksi ni Tabora ya picha, ila yenyewe yaweza pia kuipeleka treni ile ile Kigoma na Mwanza kwa mara moja.

Hapa pana mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Viko visanduku vya bei nafuu vilivyoandikwa kuwa vinafanya kazi pande zote mbili. Ukivitazama vina tundu moja upande huu na mawili upande wa pili, hata mtu hudhani amepata splita. Sivyo. Kisanduku hicho ni swichi inayoweza kugeuzwa, nacho hupeleka picha kwenye televisheni moja tu kwa wakati mmoja. Mteja akimwambia muuzaji, "Papa, nipe kile kidude cha runinga mbili," atapewa chochote chenye matundu mawili. Lakini akisema, "Nataka picha moja ionekane kwenye runinga mbili kwa wakati mmoja," muuzaji mwaminifu hatakosea. Basi tueleze kazi tunayoitaka, tusitaje umbo la kidude.

MAZUNGUMZO NYUMA YA TELEVISHENI

Waya wa HDMI una pini 19. Nyingi hubeba picha na sauti, lakini chache zimewekwa kwa ajili ya mazungumzo. Ukichomeka waya, pini ya 19 hukiarifu kisimbuzi kwamba televisheni ipo. Kisha kupitia pini za 15 na 16, kisimbuzi huisoma hati ndogo iliyomo ndani ya televisheni, iitwayo EDID, inayosema: "Mimi naweza kuonyesha picha za ukubwa huu, na sauti za namna hii." Kisimbuzi hutuma picha kulingana na hati hiyo.

Kukiwa na televisheni moja, mazungumzo hayo hayana matata. Zikiwa mbili ndipo ugomvi huanza. Tuseme kibanda kina televisheni moja mpya ya 4K na nyingine ya zamani isiyofikia hata nukta 1,080. Splita itamwambia nini kisimbuzi? Splita nyingine hunakili hati ya televisheni iliyo kwenye tundu la kwanza, na ile ya zamani ikabaki na giza. Nyingine hushusha wote mpaka kiwango cha chini. Zilizo bora zaidi zina kitufe kidogo cha kuchagua hati itakayotumika. Mnunuzi aulize kuhusu kitufe hicho. Asipokipata, dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kisimbuzi na kuchagua mwenyewe kiwango ambacho televisheni zote zinakiweza, na sauti ya kawaida ya njia mbili. Mara nyingi mtu hudhani splita imeharibu sauti, kumbe kisimbuzi kimetuma sauti ya sinema ambayo televisheni ya zamani haiifahamu.

Yapo na mazungumzo ya pili, ya ulinzi. Vipindi vya kulipia husafirishwa vikiwa vimefungwa kwa kufuli iitwayo HDCP, na kila chombo njiani lazima kiwe na ufunguo wake. Picha za 4K za kulipia kwa kawaida hudai toleo la 2.2 la kufuli hiyo. Chombo kimoja tu cha njiani kikiwa na toleo la zamani, picha yaweza kushushwa kiwango au kukataliwa kabisa. Kwa hiyo mwenye projekta kuukuu asishangae akiona giza wakati vyombo vyote ni vizima. Lakini kifaa kuweza kuonyesha si sawa na mtu kuruhusiwa kuonyesha. Akaunti ya kisimbuzi cha nyumbani hutolewa kwa ajili ya jamaa wa nyumba. Anayetaka kutoza kiingilio hana budi kuulizia masharti ya biashara kwa wenye matangazo, asije akanyang'anywa vyombo.

WAYA NA MASAFA

Watu hutoa fedha nyingi kwa kisanduku kisha hubania waya, na hali waya ndio njia yenyewe. Kwa picha za nukta 1,080, waya mzuri wa HDMI wa kawaida huweza kufika mita 10 hivi. Kwa 4K ni salama kubaki katika mita 5 au chini ya hapo. Tazama maandishi ya ganda: "High Speed" ni kwa kazi ya kawaida, "Premium High Speed" ni kwa biti bilioni 18, na "Ultra High Speed" ni kwa biti bilioni 48. Mwenye vyombo vya kawaida hana haja ya kulipia daraja la juu. Penye urefu, chagua waya mnene. Namba ya unene iitwayo AWG huenda kinyume: 24 ni mnene kuliko 30.

Masafa yakizidi hapo, njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni waya wa mtandao wa kompyuta wa daraja la Cat6, ukiwa na kisanduku cha kutuma upande mmoja na cha kupokea upande wa pili. Vyombo vya mfumo wa HDBaseT hufikisha picha ya nukta 1,080 umbali wa mita 100. Lakini waya huo uwe wa shaba tupu. Masokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ni mwepesi na rahisi, lakini haufikishi mzigo. Njia ya kuujua ni kuukwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe.

Njia ya pili ni kebo ya aina ya SDI, itumiwayo na mitambo ya televisheni. Hii hubeba biti bilioni 1.485 kwa sekunde kwa picha za HD, na bilioni 2.97 katika daraja la 3G. Kichwa chake hufungwa kwa kuzungushwa, hivyo hakichomoki mtu akijikwaa. Kwa HD, kebo nzuri hufika mita 100 hivi. Angalizo ni moja: kebo iwe ya omu 75, kama ile ya dishi iitwayo RG6. Kebo ya redio za upepo, RG58, ni ya omu 50. Kwa macho ya haraka zote ni kebo nyeusi za mviringo, lakini ile ya redio hurudisha mwangwi. Tena njia ya SDI ni ya kamera na mitambo yako mwenyewe, kwa maana haibebi kufuli ya vipindi vya kulipia.

Njia ya tatu ni waya wa nuru, ambao husafirisha picha kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Ni ghali zaidi na haupendi kukunjwa, lakini una fadhila moja kubwa: uzi wenyewe wa kioo haupitishi umeme wa radi. Katika Malawi mvua na radi huanza kwa kawaida mwezi Novemba, na kuendelea hadi Aprili. Mtu anayevuta waya wa shaba juu ya mapaa, kutoka nyumba hata nyumba, amejitengenezea njia ya kuikaribisha radi sebuleni. Mawingu yakikusanyika, achomoe.

UMEME NDIO ROHO

Wenye nyumba wengi wa Malawi wanakumbuka kimbunga Ana cha Januari 2022, kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na giza likazidi kwa miezi mingi. Watu wakazoea zaidi betri na paneli za jua. Jambo hilo ni jema, lakini ndilo linaloua visanduku vyetu.

Swichi na splita nyingi hutumia volti 5. Betri ya gari au ya jua ni ya volti 12, na inapochajiwa hupanda hata kupita 14. Mtu akiunganisha moja kwa moja, kisanduku hufa kabla hajaketi. Sharti atumie kipunguza volti, tena kilicho kizuri, na ahakikishe kwamba chanya na hasi za kichwa cha kuchomekea zimelingana na mchoro ulio mgongoni mwa kisanduku.

Aidha, jihadhari na splita isiyokuwa na waya wake wa umeme. Hiyo hutegemea umeme mdogo unaotoka katika tundu la HDMI la kisimbuzi, na kanuni za HDMI zinakilazimisha chombo kitoe miliampia 55 tu. Huo ni umeme wa kubishia hodi, hautoshi kunakili picha mara mbili. Splita ya namna hiyo huonekana nzima siku moja na mbovu siku ya pili, na mwenyewe hushindwa kujua mkosi umetoka wapi.

KWA FUNDI ANAYEFUNGUA KISANDUKU

Dzaleka wapo vijana wenye vipaji vya ufundi, na wengine watataka kujua kilichomo ndani. Kwa ufupi, namba zinapoingia hukutana kwanza na vilinzi vidogo vya kuzuia cheche za mikono, kisha na kisawazisho kinachorudisha nguvu iliyopotea katika waya. Baada ya hapo hufika katika kipande kikuu cha njia panda, ambacho huziunganisha njia za kuingia na za kutokea. Katika vifaa bora, mwishoni kuna kipande cha kupanga upya mapigo, ili namba zitoke kwa mwendo ulio sawa kama gwaride.

Mwenye kuchagua vipande hivyo aangalie mambo manne: kasi ya kila njia itoshe picha inayokusudiwa, si zaidi sana wala pungufu. Vilinzi vya cheche viwe vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya kasi hiyo, kwa maana kilinzi cha kawaida hula namba kama chujio lililoziba. Zile pini za mazungumzo nazo zibadilishwe pamoja na picha, siyo picha peke yake. Na mwisho, kipande kiweze kuondolewa na kurudishwa kwa vyombo alivyo navyo fundi. Vipande vingi vya sasa vina miguu iliyofichwa tumboni, na kwa pasi ya kawaida ya kulehemu havibanduki. Vinataka bomba la hewa moto.

Kwa sababu hiyo, kujenga swichi kuanzia mwanzo si kazi ya kumshauri fundi wa kambini. Faida yake iko katika kutengeneza vile vinavyokufa kila siku: matundu yaliyolegea, kipande cha kupunguza umeme kilichoungua, na kichwa cha waya kilichokatika. Penye visanduku kumi vilivyotupwa, fundi mwangalifu aweza kupata vinne vizima.

KWA KANISA NA JUKWAA

Swichi ya kawaida ina kasoro moja. Ukibonyeza kuhama kutoka picha hii kwenda nyingine, skrini huwa nyeusi kwa sekunde kadhaa, kwa sababu mazungumzo tuliyoyataja huanza upya. Nyumbani si kitu. Jukwaani, mbele ya watu elfu, ni aibu. Hapo hutakiwa mikisa ya video, ambayo huzipanga picha zote ziende kwa pigo moja kabla ya kubadilisha. Mfano ni ATEM Mini ya kampuni ya Blackmagic Design, iliyotolewa mwaka 2019. Ina matundu manne ya HDMI, na kila tundu hurekebisha picha yake lenyewe. Mikisa za namna hiyo hazipokei vipindi vilivyofungwa kwa kufuli, ila kamera na kompyuta tu. Kikundi cha kwaya au cha sherehe chaweza kuchanga kununua moja na kuitumia kwa zamu, badala ya kila mmoja kununua splita tatu zisizosikilizana.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Tuchukue mfano wa mama mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, aliyekwisha kulipia masharti ya biashara. Ana kisimbuzi kimoja na deki moja, na anataka televisheni mbili, moja ndani na moja barazani umbali wa mita 12. Kalamu na karatasi vitamwokoa. Achore vyombo viwili vya kuleta picha na viwili vya kupokea. Halafu ajiulize: je, televisheni hizo zitaonyesha kitu kimoja, au kila moja chake? Kama ni kitu kimoja, hana haja ya matriksi. Swichi ndogo ya matundu mawili, ikifuatwa na splita ya matokeo mawili yenye umeme wake, inatosha. Ya ndani itapata waya wa HDMI wa mita 3. Ya barazani, kwa kuwa mita 12 zimevuka mipaka ya waya wa kawaida, itapata Cat6 ya shaba tupu na visanduku vyake viwili. Televisheni zote ni za nukta 1,080, basi asilipie 4K. Amekwisha okoa fedha kabla hajafika dukani.

Kisha ampe karatasi hiyo yule anayekwenda Lilongwe, na maagizo haya: kifaa kijaribiwe pale pale dukani, matundu yote, kwa muda usiopungua dakika 10. Waya utikiswe kidogo mahali unapoingia, ionekane kama picha inakatika. Kisanduku kiguswe. Uvuguvugu ni wa kawaida, lakini kikiunguza mkono kiachwe. Vitazamwe vinukta vinavyometameta. Na stakabadhi ichukuliwe, ikiwa na jina la kifaa na kazi yake, siyo neno "adapta" peke yake.

Ndugu msomaji, haya tuliyoyasema kuhusu Dzaleka yanamhusu pia mtu wa Kigoma, wa Songea, wa Bukavu na wa Mombasa. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na Malawi mwaka 1999. Tanzania ikaanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Kwa muda mfupi namna hiyo tumetoka katika kuzungusha antena na kuingia katika namba bilioni kwa sekunde, na wauzaji hawakungoja tujifunze kwanza. Tofauti ni kwamba mwenye kuishi karibu na duka aweza kurudi kesho kubadilisha. Yule aliyezungukwa na mipaka hana kesho hiyo. Kwake yeye, karatasi yenye mchoro wa mistari minne, iliyochorwa kwa uangalifu jioni kwa mwanga wa taa, ni sehemu ya mtaji wake sawa na fedha aliyoifunga katika kitambaa.